Ira Aldridge: alianza upya ng'ambo mara tatu. Tuangalie kazi yenyewe ilivyokwenda (uzi)

#1 NyumaYaPazia

Wakuu, salaam.

Kila anapotajwa Ira Aldridge humu, mazungumzo huishia kwenye usiku mmoja: 10 Aprili 1833, Covent Garden, London, mwigizaji mweusi anapanda mojawapo ya majukwaa makubwa kuliko yote Uingereza kucheza Othello, jenerali mweusi wa tamthilia ya Shakespeare. Usiku ule una uzito wake. Lakini ukiugeuza kuwa ndiyo maisha yake yote, unaitupa miaka 34 ya kazi iliyofuata, na humo ndimo ufundi wake ulimo.

Aldridge alianza upya mara 3. Ya kwanza 1824, alipotoka New York kwenda Uingereza. Ya pili 1833, London ilipomfungia mlango akageukia mikoani. Ya tatu 1852, akikaribia miaka 45, alipovuka bahari kwenda kuigiza mbele ya watu wasiojua Kiingereza. Kila mara ilibidi mbinu ibadilike, na hizo mbinu ndizo ninazotaka tuzichambue.

Kwanza alikotoka. Alizaliwa New York 24 Julai 1807, mtoto wa mhubiri. Alisoma African Free School, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto weusi wa mji ule. Jimbo la New York lilimaliza utumwa kabisa 4 Julai 1827, kwa hiyo alipoondoka bado kulikuwa na watu wanaomilikiwa jimboni kwake. Michezo aliiangalia Park Theatre kutoka roshani ya juu, walikoruhusiwa kukaa weusi.

Mwaka 1821 William Brown, mtu huru mweusi aliyewahi kuwa mhudumu wa meli, alianzisha ukumbi wa waigizaji weusi ulioitwa African Grove. Walianza na Richard III ya Shakespeare. Mwigizaji wao mkuu alikuwa James Hewlett. Mwaka 1822 walihamishia maonyesho jirani kabisa na Park Theatre, polisi wakawavamia, wakawakamata waigizaji na kuwaachia kwa ahadi kwamba hawatagusa tena Shakespeare. Mwaka huohuo wahuni waliingia, wakavunja vitu na kumpiga Brown mwenyewe. Kijana Aldridge alikuwa karibu na kundi hilo, na uhusika wake wa kwanza unaotajwa ni Rolla katika Pizarro, tamthilia ya Sheridan. Aliona kwa macho yake kwamba unaweza kuwa na ukumbi, watazamaji wanaolipa na waigizaji hodari, na bado ukafungwa.

#2 Kijana_wa_Ilala

Mkuu ahsante kwa uzi. Maswali mawili. Nimesoma kwamba alikuwa mwana wa mfalme kutoka Senegal, sasa New York inaingiaje? Na huko London alianzaje, maana kijana wa miaka 17 asiye na jina hawezi kubisha hodi tu akapewa Othello.

#3 MsomaMabango

Nianze na la pili.

Alivuka kwenda Liverpool 1824 akifanya kazi ya uhudumu melini, hivyo nauli ilikuwa jasho lake. Mei 1825 alikuwa tayari jukwaani Royalty Theatre, mashariki ya London, akicheza Othello. Miaka 17 kweli. Tarehe 10 Oktoba 1825 akatokea Royal Coburg, ng'ambo ya Mto Thames. Jengo hilo lipo hadi leo, ndilo Old Vic.

Ili uelewe alichocheza Coburg lazima uijue sheria. Tangu 1737, London ilikuwa na kumbi mbili tu zenye kibali cha kuigiza tamthilia ya maneno matupu mwaka mzima: Drury Lane na Covent Garden. Haymarket iliruhusiwa majira ya joto. Kumbi nyingine, waliziita ndogo hata kama zilikuwa kubwa kwa majengo, zilitakiwa kuchanganya muziki, nyimbo na maonyesho ya vitendo. Ndiyo maana Coburg haikutangaza Oroonoko kama tanzia ya kale inayojulikana. Waliifanyia ukarabati, wakaipa jina la The Revolt of Surinam, muziki ukapita katikati ya matukio, na Aldridge akacheza Oroonoko, mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani. Sheria hiyo ilidumu hadi 1843.

Sasa angalia bango. Jina lililoandikwa si Aldridge. Ni Keene. Wakati huo nyota mkubwa wa tanzia Uingereza alikuwa Edmund Kean, na majina hayo mawili hutamkwa sawa. Mpita njia akisikia "Keene anacheza" anageuka. Ilikuwa njia ya kuazima sikio la watu kabla hujawa na lako. Kidogo kidogo mabango yakasomeka Keene Aldridge, kisha Keene ikadondoka ikabaki Aldridge pamoja na sifa ya "Roscius wa Afrika". Roscius alikuwa mwigizaji wa Roma ya kale aliyezaliwa mtumwa akawa bingwa wa fani. Watazamaji wa wakati ule walilielewa hilo bila kuelezwa.

#4 NyumaYaPazia

@Kijana_wa_Ilala, habari ya Senegal ni ya kubuni, na ilitoka upande wake mwenyewe. Kuna kijitabu cha wasifu wake kilichochapishwa karibu 1849 kinachosema babu yake alikuwa wa ukoo wa kitawala wa Wafulani. Ukweli ni New York tu.

Kwa nini aliiacha isambae? Tazama alichokuwa akiuza: Othello anasema mbele ya baraza la Venisi kwamba anatoka katika uzao wa wafalme, Oroonoko ni mwana wa mfalme, Zanga katika tamthilia ya The Revenge ni Mwarabu mweusi wa ukoo mkubwa aliyetekwa. Mtazamaji aliyesoma bango alifika ukumbini ameshaamini nusu ya mchezo. Binafsi naona ni jambo la kusikitisha kwamba kijana wa African Free School, aliyejifunza Shakespeare kwa kusikiliza kutoka roshani, hakuweza kujitangaza kama alivyo. Ile historia ya kweli ni kubwa kuliko ya kubuni.

#5 BintiLikoni

Naomba nishike sehemu ya mikoani maana huwa inarukwa, na ndiyo iliyomlisha.

Miji mikubwa nje ya London ilikuwa na kumbi zenye kibali cha kifalme. Miji midogo ilikuwa chini ya sheria ya 1788 iliyowaruhusu mahakimu wa eneo kutoa leseni ya tamthilia kwa siku zisizozidi 60. Matokeo yake makundi yalikuwa yanazunguka: msimu huku, leseni ikiisha mnafungasha, mji unaofuata. Na jambo kubwa kwa Aldridge ni kwamba huko Shakespeare aliruhusiwa kisheria. Coburg alipangiwa Oroonoko ya nyimbo, lakini mikoani alicheza Othello ya maneno matupu.

Kila ukumbi ulikuwa na kundi lake la kudumu, na mwigizaji maarufu alikuja kama mgeni kwa siku chache. Mgeni alitangulia kutuma orodha ya michezo. Ilikuwa lazima iwe michezo ambayo kundi linaijua, kwa sababu mazoezi yalikuwa asubuhi moja, mara nyingi asubuhi ya siku ileile ya onyesho. Hakuna aliyekuwa na tamthilia nzima mkononi. Kila mwigizaji alipewa karatasi zenye maneno yake peke yake, na kabla ya kila kauli yameandikwa maneno machache ya mwisho ya mwenzake, ili ajue zamu yake imefika. Kwa hiyo asubuhi ile haikutumika kuchambua wahusika. Walipanga nani anaingia mlango upi, nani anasimama wapi, mapigano yanakwendaje, kitanda cha mwisho kinaelekea wapi.

Kwa Othello mwenye ukumbi alitakiwa awe na kitanda chenye mapazia, leso yenye nakshi, mshumaa wa kubebwa mkononi na silaha. Maleba mgeni alisafiri nayo mwenyewe kwenye sanduku. Hereni za dhahabu alizovaa Aldridge kama Othello zilibaki kwenye familia, na binti yake Amanda alimpa Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani, karne iliyofuata.

Panapoharibika ni hapa: michezo ilichapishwa katika matoleo tofauti yaliyokatwa tofauti. Kundi likiwa limekariri toleo moja na mgeni toleo jingine, maneno unayoyasubiri hayaji. Unasimama, mwenzako anasimama, watazamaji wanaanza kupiga miluzi. Yule aliyekaa ubavuni mwa jukwaa na nakala kamili, mnong'onezi, ndiye aliyeokoa jahazi. Mgeni mwenye busara alitumia dakika za kwanza za mazoezi kukubaliana kuhusu vipande vilivyokatwa kabla ya kitu kingine chochote.

Malipo: kwa kawaida mgeni aligawana mapato ya mlangoni na meneja, na usiku mmoja, mara nyingi wa mwisho, uliwekwa kwa manufaa yake. Usiku huo alichagua mchezo mwenyewe na fungu lake la mapato lilikuwa kubwa zaidi. Mvua ikinyesha usiku huo, umeumia.

Halafu 1828, akiwa na miaka 20, alipewa uendeshaji wa ukumbi wa Coventry. Hakuna mtu mweusi aliyetangulia kuendesha ukumbi wa maonyesho Uingereza. Watu wa Coventry walipeleka ombi bungeni kupinga utumwa, na mji ule unahusisha ombi hilo na kukaa kwake pale. Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa 2017.

#6 Mtazamaji1

Nakubali mengi ila tusimpambe kupita kiasi. Covent Garden walimtoa baada ya siku mbili tu. Mwigizaji bora hatolewi baada ya siku mbili. Magazeti ya London yalisema wazi hakutosha.

#7 MsomaMabango

Ndugu Mtazamaji1, twende taratibu, tarehe kwa tarehe.

25 Machi 1833 Edmund Kean anaanguka jukwaani Covent Garden katikati ya Othello, mwanawe Charles akiwa Iago, yule msaidizi mwovu wa Othello. Hakuinuka tena kikazi, alifariki 15 Mei. Meneja Pierre Laporte ana ukumbi wa watu wapatao 3,000 na nyota wake mahututi. Mafua makali yameenea London na watu hawatoki majumbani. Anamchukua Aldridge, mwenye miaka 25 na takriban minane ya mikoani. 10 Aprili anacheza, na Desdemona, mke wa Othello, ni Ellen Tree. Ukumbini wanampigia makofi. Siku mbili baadaye anarudia. Kisha maonyesho yake yaliyobaki yanafutwa.

Sasa soma magazeti yenyewe. Yapo yaliyozungumzia sauti na mwendo, mengine kwa kusifu, mengine kwa kukosoa, na ukosoaji wa namna hiyo ni haki yao. Lakini Athenaeum lilichokerwa nacho ni Ellen Tree kushikwashikwa na mtu mweusi. Hayo hayahusu uigizaji. Figaro in London lilikuwa limeanza kampeni ya kumzuia kabla hata hajapanda jukwaani. Mtu anayehukumiwa kabla pazia halijafunguka hajahukumiwa kwa kazi yake.

Ongeza na majira. Bunge lilikuwa kwenye mjadala wa kukomesha utumwa katika makoloni, sheria ikapita Agosti mwaka uleule. Wenye mashamba ya miwa Karibiani walikuwa na fedha na sauti London. Mtu mweusi anayesema ushairi wa Shakespeare kwa ufasaha pale Covent Garden alikuwa hoja inayotembea kwa miguu miwili.

Na kama hakutosha, ilikuwaje mikoani na Ireland wakaendelea kumwita mwaka baada ya mwaka hadi 1852? Mtu wa Manchester au Dublin naye alilipa kiingilio kwa hela yake.

#8 Mtazamaji1

Hoja ya Figaro sikuijua. Nakubali. Basi nieleze: miaka yote hiyo mikoani alikuwa anacheza nini? Wahusika weusi kwenye michezo ya wakati ule si walikuwa wachache?

#9 BintiLikoni

Hapo umegusa tatizo lake kubwa la kikazi. Mgeni akirudi mji uleule mwaka unaofuata na michezo ileile, ukumbi unapwaya. Wahusika weusi walikuwa Othello, Oroonoko, Zanga, Gambia wa The Slave, na Mungo. Akaitanua orodha kwa njia tatu.

Moja ni kubadilisha sura ndani ya usiku mmoja. Onyesho la wakati ule lilikuwa refu: tanzia kwanza, kichekesho mwishoni, na katikati ya usiku mlango ulifunguliwa kwa nusu kiingilio kwa watu waliotoka kazini. Alicheza Othello, pazia likashuka, akavua joho, akavaa nguo za mistari za Mungo, mtumishi katika The Padlock, mchezo wa nyimbo wa 1768. Mungo analewa, anaimba, anamsema bwana wake. Waliolipa kamili waliona umahiri wa mtu mmoja kwenye nafsi mbili, na wa nusu kiingilio walipata kicheko walichokijia. Kuna watu leo wanamlaumu kwa Mungo. Ila kumwona mtumishi yule baada ya kumwona jenerali, kutoka kwa mwili uleule, kulimlazimisha mtazamaji aone kwamba Mungo ni uigizaji.

Hapohapo kuna wimbo wa Opossum. Mchekeshaji Charles Mathews alikuwa na onyesho London 1824 la kumdhihaki mwigizaji mweusi wa New York anayeanza Hamlet akaishia kuimba wimbo huo. Aldridge alikanusha kwamba ni yeye. Lakini watu wakawa wanauomba, akauingiza kwenye usiku wake na kuuimba vizuri.

Mbili ni kutafuta michezo mipya au kuirekebisha ya zamani. Titus Andronicus ya Shakespeare ilikuwa haigizwi. Aliirekebisha karibu 1849 pamoja na mwandishi C. A. Somerset: ukatili aliotendewa Lavinia, binti wa Titus, ukaondolewa, na Aaron, mtu mweusi ambaye kwa Shakespeare ni mwovu, akawa shujaa wa mchezo.

Tatu ni kucheza wahusika weupe: Shylock, Richard III, Macbeth, Lear. Shylock ndiye yule ambaye wasomaji wa Kiswahili tunamjua tangu Mwalimu Nyerere atupe Mabepari wa Venisi 1969. Kwa Aldridge ilimaanisha kujipaka rangi nyeupe, wakati waigizaji weupe wakijipaka rangi ya giza kumcheza Othello.

#10 Kijana_wa_Ilala

Dada BintiLikoni ubarikiwe. Hiyo rangi nyeupe aliipakaje? Na swali langu kubwa: huko Ujerumani na Urusi aliigiza kwa lugha gani?

#11 NyumaYaPazia

Nianze na lugha, maana hapa ndipo ninapomheshimu kupita kote.

Julai 1852 aliondoka na kundi la waigizaji wa Kiingereza kuelekea Ubelgiji na Ujerumani. Kundi halikudumu. Akabaki peke yake, na badala ya kurudi, akafanya hivi: yeye anasema Kiingereza, waigizaji wenyeji wanamjibu kwa lugha yao. Ujerumani Kijerumani, Urusi mikoani Kirusi. Onyesho moja, lugha mbili, mwanzo hadi mwisho.

Kumbuka zile karatasi alizoeleza BintiLikoni. Mwigizaji wa zama zile alikuwa amezoea tangu utotoni kusubiri maneno machache ya mwisho ya mwenzake. Sasa maneno hayo yanakuja kwa lugha usiyoijua. Unayakariri kwa sauti yake, kama mtu anavyokariri wimbo. Ugumu ni kwamba Kijerumani hupenda kusukuma kitenzi mwisho wa sentensi, kwa hiyo neno la mwisho la mstari uleule si lile lililo mwisho kwa Kiingereza. Orodha yako ya zamani ya maneno ya kusubiri haifai tena, unaiandika yote upya kutoka tafsiri wanayotumia wao. Na mwenyeji naye anafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza chako. Mmoja akiruka mstari, mwingine hana pa kushika, kwa sababu haelewi kilichorukwa. Kinachookoa hapo ni ishara: hatua moja mbele, mkono kushuka, kugeuza uso.

Sehemu ngumu zaidi ya Othello kwa mpango huu ni tendo la 3, onyesho la 3, Iago anapomtia sumu ya wivu. Kauli ni fupifupi, neno moja moja. Lakini itazame kwa makini. Othello anauliza kuhusu Cassio, afisa wake: je, huyo si mwaminifu? Iago: mwaminifu, bwana? Othello: ndiyo, mwaminifu. Anauliza tena: unafikiri nini? Iago: nafikiri, bwana? Hadi Othello analalamika kwamba Iago anamrudishia maneno yake kama mwangwi. Sasa mpe Othello Kiingereza na Iago Kijerumani. Kila Iago anaporudia neno, analirudia kwa lugha ya watazamaji! Mzee wa Berlin ambaye hakuelewa Othello ameuliza nini, anakipata sekunde hiyohiyo kinywani mwa Iago. Onyesho lililoonekana litavunjika kwa lugha mbili ndilo linalobeba lugha mbili vizuri kuliko yote. Shakespeare aliweka mwangwi pale kwa sababu nyingine kabisa, lakini mwigizaji mgeni aliupata bure.

Kuna dhara pia. Usemi mrefu wa peke yake, kama ule wa kuzima mshumaa kabla ya kumuua Desdemona, hauna wa kuutafsiri. Pale ni sauti, mwendo na mshumaa tu. Ndiyo maana michezo aliyoibeba sana Ulaya ni ile ambayo watu walishaijua hadithi yake.

#12 BintiLikoni

Naongezea kuhusu rangi. Mwandishi wa Ufaransa Théophile Gautier alimwona akicheza Lear St Petersburg 1858 na akaeleza alivyojitengeneza. Kichwani kofia ya rangi ya ngozi iliyotengenezwa kwa karatasi na gundi, imeshuka karibu na nyusi, na mashungi ya nywele za fedha yananing'inia. Puani nta ya kujaza umbo. Mashavuni tabaka zito la rangi ya mafuta. Ndevu kubwa nyeupe zinafunika sehemu yote iliyobaki hadi kifuani. Mikono akaiacha kama ilivyo! Gautier aliiona ikitoka kwenye mikono ya kanzu, ya kahawia.

Hapo waigizaji wabishane: ni uzembe au ni makusudi? Mimi nasema makusudi. Mtu aliyejaza nta puani hakusahau vidole.

Na mkono una historia kwake. Haymarket, 1865, Desdemona alikuwa Madge Robertson, msichana wa miaka 17 aliyekuja kuwa maarufu kwa jina la Kendal. Baadaye alieleza kwamba Aldridge alikuwa anaufungua mkono wake mbele ya watazamaji na kumfanya auweke wake ndani yake, ili ukumbi mzima uone mkono mweupe umelala juu ya mweusi. Hakusema neno. Ni ishara ndogo, lakini jiulize ingeeleweka wapi isieleweke.

#13 MsomaMabango

Dada umenena. Niseme machache kuhusu heshima alizopata, maana zilikuwa na kazi.

Mfalme wa Prussia alimpa medali ya dhahabu ya sanaa na sayansi. Mwaka 1858 mtawala wa Saxe-Meiningen, dola dogo la Kijerumani, akampa hadhi ya ushujaa, akawa anajiandika Chevalier, cheo cha heshima hiyo. Usidhani ni mapambo. Mwenye ukumbi wa mji unaofuata akiiona medali kwenye bango anajua mgeni huyu hatamtia hasara, na mkuu wa polisi wa mji naye analegeza. Lyceum ya London ilimkaribisha 1858 hiyohiyo, miaka 25 baada ya Covent Garden.

Desemba 1858 St Petersburg alikutana na Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji wa Ukraine aliyezaliwa mtumwa wa ardhi na kukombolewa 1838. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Binti wa rafiki wa Shevchenko alikuwa akiwatafsiria. Shevchenko akamchora, na picha hiyo ipo. Urusi ilikomesha utumwa wa ardhi 1861, kwa hiyo watu waliomwona Oroonoko na Othello kule walikuwa wanaona habari za nyumbani kwao.

Jingine la kisheria: mgeni hakuruhusiwa kumiliki ardhi Uingereza hadi sheria ya 1870. Aldridge aliomba uraia na kuupata 1863, kisha akawa na nyumba yake Upper Norwood, kusini ya London. Aliiita Luranah Villa, jina la mama yake. Barabara inaitwa Hamlet Road, kibao cha buluu kipo.

#14 Kijana_wa_Ilala

Nimejifunza kuliko nilivyotarajia. La mwisho: New York alirudi?

#15 NyumaYaPazia

Hakurudi. Hadi 1865 Marekani ilikuwa na utumwa, na mkewe wa kwanza, Margaret Gill, alikuwa Mwingereza mweupe. Margaret alifariki 1864. Mwaka uliofuata akamwoa Amanda von Brandt wa Sweden, ambaye tayari alikuwa amezaa naye. Mabinti wao wawili, Luranah na Amanda, wakawa waimbaji. Amanda pia alitunga muziki kwa jina la Montague Ring na akafundisha sauti hadi uzeeni. Robeson na mwimbaji Marian Anderson walipita mikononi mwake.

Vita vya Marekani vilipokwisha, kulikuwa na mazungumzo ya kumpeleka New York kwa maonyesho. Wakati huo yeye alikuwa bado yuko njiani Ulaya. Kiangazi cha 1867 alifika Łódź, mji wa viwanda vya nguo Poland, uliokuwa chini ya Urusi, kucheza Othello. Aliugua mapafu kabla ya onyesho na akafariki 7 Agosti, akiwa na miaka 60. Kaburi lipo kwenye makaburi ya Kiinjili ya Łódź, mtaa wa Ogrodowa. Wakuu walio Poland wakipita wanaweza kuliona: eneo hilo ni makaburi ya zamani yenye sehemu tatu, ya Wakatoliki, ya Waorthodoksi na ya Wainjili. Ingieni upande wa Wainjili.